Haionekani na Nani? Kutafuta kwa Mstari wa Amri Kifaa Ambacho Kompyuta Imegoma Kukiona

Saa mbili na robo asubuhi simu ikaita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo, ila printa haionekani. Nimenunua waya mpya, bado haionekani. Na hapa nina watu wanne kwenye benchi."

Mpwa wangu ana stesheneri pale Mwanga, Kigoma mjini. Ana kompyuta moja ya mezani ya mtumba yenye Ubuntu (mfumo wa jamii ya Linux, si Windows), printa moja na laptopu ambayo betri yake ilishakufa. Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mtu, na kila mtu huona namchelewesha: haionekani na nani?

Sisi wa mwisho wa reli tunapaswa kulielewa swali hilo upesi. Mtu akikwambia mzigo wake kutoka Dar es Salaam "haujafika", bado hujajua kitu. Huenda behewa liko Tabora. Huenda limeshaingia stesheni ila mzigo haujaandikwa daftarini. Huenda umeandikwa, lakini karani wa mizigo ya aina hiyo hayupo kazini. Au kila kitu kiko tayari, mwenye mzigo ndiye kaenda kuuliza dirisha lisilohusika. Kifaa cha kompyuta ni hivyo hivyo. Umeme na nyaya ndiyo reli. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ndiye mwenye daftari. Draiva, yaani programu inayokihudumia kifaa, ni karani. Programu unayoibofya ndiyo mwenye mzigo, na ndiyo inayojua machache kuliko wote, ingawa ndiyo inayopiga kelele kwenye kioo.

Mstari wa amri, yaani kuandika amri badala ya kubofya, unakupeleka moja kwa moja kwa mwenye daftari. Anzia kwake kabla hujanunua waya, kabla hujapakua draiva, na kabla hujampata fundi atakayekwambia "tupige Windows upya".

Kabla ya amri ya kwanza

Kwenye Ubuntu teminali, dirisha la kuandikia amri, inafunguka kwa Ctrl+Alt+T. Amri zinazoanza na `sudo`, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, zitakuomba nywila, na kwenye matoleo mengi ukiiandika hakitatokea kitu, hata nyota. Kibodi haijafa. Andika hadi mwisho, bonyeza Enter. Nimeshapigiwa simu kwa jambo hilo peke yake zaidi ya mara moja. Herufi kubwa na ndogo zina tofauti, na ile nafasi kabla ya kistari ni ya lazima: `lsusb -t` inafanya kazi, `lsusb-t` haipo.

Mashine ikiwa na Windows, bado unaweza kuifanyia uchunguzi huu. Weka Ubuntu kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, washa mashine kwa flashi hiyo, chagua kuijaribu bila kuisakinisha. Faili la kupakua linazidi GB 5, kwa hiyo lipangie bando mapema. Ukishalipata, flashi hiyo itakuzalishia miaka. Kifaa kikionekana ndani ya Ubuntu ya flashi na kisionekane kwenye Windows, hakijafa, kosa liko kwenye draiva au mipangilio ya Windows. Kisipoonekana kote kuwili, anza kushuku waya, tundu au kifaa chenyewe. Jaribio hilo moja linakuokolea nusu ya ubishi wa mafundi.

Amri nyingi humu ni za kuuliza tu, haziharibu kitu. Zile zinazobadilisha kitu, kama kusakinisha kifurushi au kuwasha foleni ya printa, nitazitaja waziwazi. Za kuogopa ni `mkfs`, `dd` na `fdisk`. Mtu akikutumia amri yenye mojawapo ya hizo, mwambie kwanza akueleze itafanya nini.

Kitu cha USB: chomeka huku unasoma

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo matatizo mengi ya stesheneri yalipo. Chomoa kifaa. Andika:

`sudo dmesg -w`

Hili ndilo daftari la kerneli, na ile `-w` inaliacha wazi, kwa hiyo kila jambo jipya linaandikwa mbele ya macho yako. Bonyeza Enter mara mbili tatu upate nafasi tupu, kisha chomeka kifaa na utazame. Ukimaliza, Ctrl+C inakutoa.

Ikiwa halijaandikwa hata neno moja, kerneli haijahisi mtu mlangoni. Usiguse draiva, maana hazihusiki kabisa hapa. Angalia kama kifaa chenyewe kimewaka. Jaribu tundu jingine, na kwenye kompyuta ya mezani jaribu matundu ya nyuma, kwa sababu yale ya mbele yameunganishwa na ubao mama kwa waya wa ndani ambao aliyefungua kasha kupuliza vumbi huusahau. Kisha shuku waya. Waya wa USB 2.0 una nyuzi nne: mbili za umeme, mbili za data. Kuna nyaya za simu zinazouzwa zikiwa na zile mbili za umeme tu. Simu itachaji vizuri, nawe utaapa kwamba waya ni mzima, lakini njia ya data haikuwekwa tangu kiwandani.

Panya nao wasisahauliwe. Waya wa printa unaopita nyuma ya meza karibu na gunia la mchele hauna maisha marefu.

Ikiwa zimeandikwa kelele, soma namba ya mwisho. Utaona kitu kama hiki:

`usb 1-3: device descriptor read/64, error -71`

na baada ya majaribio kadhaa:

`usb usb1-port3: unable to enumerate USB device`

Maana yake kerneli imesikia hodi, ikauliza "nani mwenzangu?", ikajibiwa kwa sauti isiyoeleweka. Namba -71 ni mazungumzo yaliyoharibika njiani, na -110 ni kusubiri jibu hadi muda ukaisha. Mara nyingi sababu ni ya kushikika kwa mkono: waya mrefu au uliokunjika, tundu lililolegea, umeme usiotosha, au kutu. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500, la USB 3.0 miliampia 900. Diski ya nje ya kuzunguka huvuta umeme mwingi sana sekunde zile inapoanza kuzunguka. Ukiichomeka pamoja na modemu na kipanya kwenye kigawanyio kisicho na umeme wake, utaisikia ikilia tik, tik, tik, na daftari linajaa -110. Ichomeke peke yake nyuma ya mashine. Ukikuta maneno `over-current condition`, chomoa mara moja, kuna mahali umeme unavutwa kupita kiasi.

Kuhusu kutu: laptopu moja ililetwa kwangu kutoka Kibirizi, ilikuwa inakaa kwenye kibanda hatua chache kutoka ziwani. Matundu yote mawili ya upande wa kulia yalikuwa yanatoa -71 kwa kila kitu. Nilimulika kwa tochi ya simu. Zile ndimi nne za shaba ndani ya tundu, zinazotakiwa kung'aa kama dhahabu, zilikuwa na ukungu wa kijani, na ulimi mmoja ulikuwa umepinda. Nilizima mashine, nikatoa betri, nikasugua kwa mswaki laini wenye spiriti ya asilimia ya juu, nikaacha ikauke. Tundu moja lilipona. Lile lenye ulimi uliopinda likabaki mapambo. Spiriti ya dukani iliyochanganywa maji mengi haifai kazi hii.

Ikiwa imeandikwa `New USB device found, idVendor=..., idProduct=...`, shangilia kidogo. Reli ni nzima, mzigo umeandikwa. Sasa uliza:

`lsusb`

Mistari yenye `1d6b` na maneno "root hub" ni matundu ya mashine yenyewe, ipuuze. Mingine ni vifaa, kila kimoja na namba zake mbili zilizotenganishwa na nukta mbili: ya kwanza ni ya mtengenezaji, ya pili ya kifaa. 03f0 ni HP, 04b8 ni Epson, 04a9 ni Canon, 0bda ni Realtek. Namba hizi zina thamani kuliko jina lililochapwa juu ya kasha. Jina hubandikwa na yeyote mwenye stika, ila namba inatoka kwenye chipu.

Kisha uliza kama karani yupo:

`lsusb -t`

Kila mstari una neno `Driver=`. Pakiwa tupu au `[none]`, kifaa kinajulikana ila hakina wa kukihudumia. Kwa printa usishtuke, kwa sababu mfumo wa kuchapisha wa CUPS unaweza kuzungumza nayo bila draiva ya kerneli. Mwishoni mwa mstari kuna kasi: 480M ni USB 2.0, 5000M ni USB 3.0. Diski yako ya USB 3.0 ikionyesha 480M, imechomekwa tundu la zamani au kwa waya wa zamani.

Printa ya mpwa wangu

Nilimwambia aandike `lsusb` anisomee. Printa ilikuwepo, mstari wa tatu, jina kamili. Kwa hiyo waya mpya ulikuwa hela ya bure. Ule wa zamani ulikuwa mzima. Tukasogea hatua moja:

`sudo lpinfo -v`

Ukatoka mstari unaoanza na `usb://`. CUPS nayo inaiona. Hatua nyingine:

`lpstat -p`

Hapo ndipo akanyamaza kidogo, kisha akasoma: "disabled since" jana jioni. Jana jioni umeme ulikatika katikati ya kuchapisha. Kazi ikashindikana, CUPS ikaisimamisha foleni ya printa, na kuanzia hapo kila alichokituma kilikaa kwenye mstari kikingoja. Yeye aliona kitu hakitoki, akabofya tena, na tena. Dawa ni hii, na inabadilisha kitu kweli:

`sudo cupsenable JINA_LA_PRINTA`

ambapo jina ni lile lililotolewa na `lpstat`. Ningemkumbusha aandike `cancel -a` kwanza kufuta kazi zilizolundikana, lakini alikuwa ameshabonyeza Enter. Zikatoka nakala tisa za barua ya mtu ya kuomba kazi, na wino wake ni wa kununua.

Kama `lpstat` inagoma kujibu kabisa, tazama CUPS yenyewe iko hai: `systemctl status cups`.

Wi-Fi imepotea

Laptopu za mtumba zina ugonjwa huu kuliko mwingine wowote. Anza na mbili nyepesi:

`ip link`

`rfkill list`

Ya kwanza inaorodhesha njia za mtandao. `lo` ni ya ndani, iache. Inayoanza na `en` au `eth` ni ya waya. Inayoanza na `wl` ndiyo Wi-Fi. Ikiwepo, kifaa kinaonekana na kina draiva, na tatizo lako liko mbele zaidi, labda nywila ya Wi-Fi. Ya pili inaonyesha kama mtu ameifunga. `Soft blocked: yes` inafunguliwa kwa `rfkill unblock wifi`. `Hard blocked: yes` haifunguki kwa amri, kuna swichi ya pembeni au kitufe cha Fn chenye alama ya mnara. Watoto hukibonyeza wakitafuta sauti ya katuni.

Kama hakuna `wl` yoyote:

`lspci -nnk | grep -iA3 network`

Hiyo inaorodhesha kadi za ndani ya mashine. Ile `-nn` inatoa namba, `-k` inamtaja karani. Unatafuta mstari `Kernel driver in use`. Matokeo ni ya aina tatu, na kila moja lina njia yake.

Kadi ipo na draiva haipo. Chukua namba zake. 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros, 14e4 ni Broadcom. Kwenye laptopu za zamani nakutana sana na 14e4:4315, kadi ya BCM4312, ambayo kwenye Ubuntu hutulizwa kwa kifurushi cha `bcmwl-kernel-source`. Usikariri hilo kama dawa ya Broadcom zote. Tafuta kwa namba zako kamili, maana kadi mbili zenye stika moja zinaweza kuwa na chipu tofauti. Amri ya `ubuntu-drivers devices` nayo hupendekeza yenyewe.

Kadi ipo, draiva ipo, Wi-Fi bado haipo. Soma daftari:

`sudo dmesg | grep -i firmware`

Ukiona `failed to load` ikiishia na `error -2`, maana yake faili halikupatikana. Kadi nyingi za Wi-Fi huwaka zikiwa tupu kichwani. Draiva lazima izipakie programu yao ndogo, fimwea, kutoka `/lib/firmware`. Kwenye Ubuntu faili hizo ziko katika kifurushi `linux-firmware`. Kwa Debian, za Intel ziko katika `firmware-iwlwifi`. Hadi toleo la 11, diski rasmi ya kusakinishia Debian haikuwa na fimwea za namna hii. Kuanzia toleo la 12 la mwaka 2023 zinakuja nayo, na simu za kulalamika zimenipungua.

Utasema: mjomba, nitapakuaje fimwea ya Wi-Fi bila Wi-Fi? Chomeka simu yako kwa waya wa USB (ule wenye nyuzi nne!), ingia mipangilio ya simu, washa kushiriki intaneti kwa USB. Andika `ip link` tena. Utaona njia mpya, `usb0` au inayoanza na `enx`. Ubuntu itaipokea yenyewe. Sasa `sudo apt update`, halafu sakinisha kwa `sudo apt install` ikifuatiwa na jina la kifurushi.

Kadi haipo kabisa kwenye `lspci`. Kumbuka kwanza kwamba Wi-Fi nyingine za ndani hupita njia ya USB, kwa hiyo zitafute `lsusb`. Kisha fanya ujanja huu: kadi nyingi za laptopu hubeba Wi-Fi na Bluetooth pamoja, na mara nyingi Wi-Fi huonekana `lspci` huku Bluetooth ikionekana `lsusb`. Vyote viwili vikikosekana kwa pamoja, kadi imelegea kwenye nafasi yake, imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya mashine unayoiingia inapowaka), au imekufa. Zima, chomoa chaja, toa betri, ichomoe na kuirudisha kwa utulivu. Barabara zetu zinatikisa vitu. Laptopu iliyotoka Kasulu ikiwa miguuni mwa abiria, kadi yake ya Wi-Fi ilikuwa inashikiliwa na skrubu moja iliyolegea na bahati.

Aina moja ya kupotea ina kisa chake: jana Wi-Fi ilikuwepo, usiku mfumo ukajisasisha, leo haipo. Linganisha `uname -r`, toleo la kerneli, na `dkms status`, orodha ya draiva zilizojengwa nje ya kerneli. Draiva yako ikiwa imejengwa kwa toleo la zamani tu, washa mashine upya, ingia "Advanced options" kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla mfumo haujawaka, chagua kerneli ya zamani, na utakuwa na intaneti ya kutengenezea mambo. Na `modprobe`, amri ya kupakia draiva, ikikujibu `Key was rejected by service`, mkorofi ni Secure Boot, ulinzi unaokataa draiva zisizosainiwa. Amri ya `mokutil --sb-state` itakuthibitishia kama imewashwa.

Mtandao wa waya baada ya radi

Msimu wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei, huleta ugonjwa wa aina yake. `ip link` inaonyesha `NO-CARRIER`, na `ethtool` ikifuatiwa na jina la njia inasema `Link detected: no`. Karani yupo, mwenye daftari yupo, waya ndio hauna mtu upande wa pili. Badilisha waya, jaribu tundu jingine la swichi. Ikiwa waya ule ulipita nje kutoka nyumba hadi nyumba na jana usiku radi ilipiga, nenda ukiwa umejiandaa kununua. Nimeona Ujiji tundu la mtandao lililokufa peke yake huku kompyuta nzima ikiendelea kufanya kazi. Kadi ya mtandao ya USB ni rahisi kuliko ubao mama.

Diski

`lsblk`

SATA na NVMe ni njia mbili za diski kuzungumza na mashine. Diski za SATA na za USB huitwa `sda`, `sdb`; za NVMe huitwa `nvme0n1`. Kama diski yako haimo, washa upya uingie BIOS. Isipokuwepo huko nayo, hakuna amri ya kukusaidia: fungua, tazama waya wa data na wa umeme, au nafasi ya M.2, ile nyembamba iliyo kwenye ubao mama. Kwenye M.2 kuna mtego. Diski ya M.2 ya SATA inaingia vizuri kabisa kwenye nafasi inayokubali NVMe tu, skrubu inafunga, na haitaonekana hadi kiama.

BIOS inaiona ila Linux haiioni? Tazama BIOS kama hali ya diski ni RAID au RST. Ibadilishe iwe AHCI. Lakini ngoja: ikiwa ndani ya diski hiyo kuna Windows unayoihitaji, iandae kwanza, kwa sababu ukibadilisha ghafla inaweza kugoma kuwaka.

Diski inayoonekana na kupotea inasomwa daftarini: `SATA link down`, `COMRESET failed`, `I/O error`. Sakinisha `smartmontools`, kisha:

`sudo smartctl -a /dev/sda`

Wanafunzi wangu huangalia neno PASSED wakafurahi. Mimi siliamini peke yake. Nenda kwenye jedwali. `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector` zikiwa na namba na namba hiyo inapanda, diski inaoza: acha kila kitu, nakili mali ya mteja leo. `UDMA_CRC_Error_Count` ni habari nyingine kabisa. Ikipanda, diski inaweza kuwa nzima na waya wa SATA ndio mbovu. Nimewahi kuikuta diski imeshatupwa kwenye boksi la vyuma chakavu, na ugonjwa wake ulikuwa waya huo tu.

Diski ikiwepo kwenye `lsblk` na `lsblk -f` haionyeshi aina yoyote ya mpangilio wa faili, tatizo si kuonekana tena. Mfumo ukikuomba ruhusa ya kufomati, kataa hadi mwenye data akubali kwa mdomo wake.

Ramu, na modemu inayojifanya CD

Ramu kwa haraka: `free -h` inakupa jumla, `sudo dmidecode -t memory` inakuonyesha kila nafasi, na `No Module Installed` penye kipande ulichokiweka kwa mkono wako ni ishara ya mguso mbaya. Zima, toa umeme, sugua miguu ya dhahabu kwa ufutio safi wa penseli, pangusa, rudisha hadi vishikio vilie. Kupungua kidogo ni kawaida, mchoraji wa picha wa ndani, yaani chipu ya kuonyesha picha kwenye kioo, hukata fungu lake. GB 8 kuonekana kama tatu na kitu, hapo tazama kama mfumo wako ni wa biti 32.

Modemu nyingi za USB hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows. Kwenye `lsusb` modemu za Huawei huanza na 12d1. Ukiona 12d1:1446 na wakati huohuo `lsblk` ina `sr0` au `sr1` mpya, iko kwenye vazi la CD. Kifurushi `usb-modeswitch` huivua, namba ya pili inabadilika, na `/dev/ttyUSB0` inatokea. Imeundwa hivyo kwa makusudi.

Ukiwa ndani ya Windows huna flashi

Fungua dirisha la amri kama msimamizi:

`pnputil /enum-devices /problem`

Inapatikana kwenye Windows 10 kuanzia toleo 1903. Itaorodhesha vifaa vyenye tatizo pamoja na namba. 28 ni draiva haijasakinishwa. 10 ni kifaa kimeshindwa kuanza. 43 ni kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu, na hapo namalizia kwa kubadilisha waya na tundu kabla ya lolote. 45 ni kwamba kwa sasa hakijaunganishwa.

Ukitaka kuuliza mtu

Picha ya kioo iliyopigwa gizani kwa mkono unaotetemeka hainisaidii. Fanya hivi, kifaa kikiwa kimechomekwa:

`sudo dmesg > daftari.txt`

`lspci -nnk > pci.txt`

`lsusb > usb.txt`

Faili hizo zitakuwa kwenye folda yako ya nyumbani. Zitume kwa WhatsApp kama faili, ueleze na ulichobadilisha mara ya mwisho. Ukijibu "sijabadilisha kitu", nitakuuliza tena.

Wiki iliyopita mpwa wangu hakupiga. Saa moja jioni iliingia `daftari.txt`, na chini yake: "Shikamoo mjomba. Skana mpya, error -110. Nimeshabadilisha waya."

Nikamjibu: "Marahaba. Tundu la nyuma je?"

Zikaonekana zile alama kwamba anaandika, zikapotea. Baada ya dakika kama tano: "Inaskani."